Kilometa Zilizoongezeka Kibati

Ukinicheka sitakasirika. Hapa Ndosho, mtaani kwetu Goma, wameshanicheka vya kutosha, na baadhi yao walinicheka wakiwa wamekaa ndani ya gari lenyewe, wakinywa soda yangu. Ninachokuomba ni kimoja tu: usiniambie kwamba nililala kwenye usukani. Nilikuwa macho kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Pombe situmii, kanisani naenda, na habari za mizimu nilikuwa nawaachia wenye muda. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, jioni, kabla giza halijaingia, katika barabara ya Rutshuru, pale ambapo mawe meusi ya volkano yalipita juu ya lami. Ningelisikia kwa mtu mwingine, mimi pia nisingeamini.

Nianze na gari, maana bila gari hutanielewa. Gari langu ni la umeme. Najua, ukisikia Goma unafikiri vumbi na pikipiki, na ni kweli, vyote vipo. Lakini kigari hiki cheupe kilivuka mpaka kutoka upande wa pili kikiwa tayari kimechoka, nami nikakichukua kwa kazi ya taksi kwa sababu kila vita vilipokaribia mji, mafuta yalikuwa yanapotea, na umeme kwetu unawaka zaidi ya unavyodhani. Majirani walikiita maiti kwa kuwa hakitoi sauti. Unatembea zako njiani, husikii kitu, unashtukia kioo kimefika kwenye kiwiko chako. Akina mama wa sokoni walinitukana sana mwaka wa kwanza.

Sasa, mbele ya dereva kuna namba. Ndizo kilometa ambazo gari linadhani bado linaweza kwenda kabla betri haijaisha. Sikiliza vizuri: linadhani. Fundi wangu, Kambale, alinieleza siku ya kwanza, akiwa amelala chini ya gari, naona miguu yake tu.

“Iyi namba usiiamini sana, muzee,” alisema. “Gari inaangalia vile ulitembea jana, njo inafikiri na kesho utatembea vile vile.”

Nilimwambia basi gari hili halijawahi kuishi Goma. Tulicheka wote wawili.

Alisema kweli. Ukizunguka polepole mjini, kwenye tambarare, namba inavimba kwa majivuno. Ukianza kupanda mlima, inashuka kama maji kwenye jerikani lililotoboka, kwa sababu gari linaogopa kwamba mlima huo hautaisha. Na ukishuka mlima, magurudumu yanairudishia betri umeme kidogo, namba inaongezeka tena. Hilo ni la kawaida kabisa. Liweke akilini, nitalirudia: ukipanda namba inashuka, ukishuka namba inapanda. Namba inaweza kukosea kwa mbali sana, lakini haijawahi kukosea kwa kwenda kinyume.

Kaka yangu Faustin hakuwa na habari na chochote chenye injini. Yeye alikuwa mtu wa chukudu. Kama hujawahi kuiona, ni mti uliochongwa kama baiskeli kubwa isiyo na pedali, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi, na pale katikati unapanga mzigo mpaka huonekani. Kutoka kwetu Kibumba alikuwa anashuka nayo mpaka Goma na makabichi, viazi na karoti, amepiga goti moja kwenye mbao, barabara yenyewe ikimbeba. Jioni alikuwa anapanda akiisukuma kwa miguu. Gurudumu lilimkata ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto tulipokuwa bado vijana, na mama akasema sasa ataacha. Hakuacha.

Watu wa chukudu wana desturi yao, na mimi niliijua tangu nikiwa mtoto nikimfuata Faustin. Chukudu yenye mzigo ikipanda, yeyote aliye nyuma anatia mikono na kusukuma. Hakuna kuomba. Anayesukuma huwezi kumwona kwa sababu mzigo umemficha. Unasikia tu pumzi yake. Lakini mkifika juu, lazima usimame. Unasimamisha chukudu, unazunguka nyuma, unamtazama usoni yule aliyekusukuma, mnasalimiana, mnagawana ulicho nacho, hata kama ni maji tu. Faustin alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Nimeshamwona akimwita mtu aliyeanza kuondoka, “Papa, ngoja, sijakuona sura,” na kumkimbilia na kipande cha muwa.

Mlima wa volkano ulipopasuka, Faustin alikuwa kwangu. Alikuwa ameshashusha mzigo, ameshakula. Anga ya upande wa kaskazini ikawa nyekundu, watu wakaanza kukimbia kuelekea Sake na wengine kuelekea mpakani. Yeye akasimama akasema kuna mjane mmoja wa Kibati, mteja wake, hana wa kumbebea vitu. Akachukua chukudu yake akapanda wakati dunia nzima inashuka. Alikuwa na shati tu. Kule kwetu Kibumba kuna baridi, na mama alikuwa amemfumia sweta ya kijani, lakini asubuhi ile jua lilikuwa kali, akaiacha nyumbani.

Yule mjane yuko hai. Tulimkuta baadaye Sake, akatuambia Faustin alimfikisha salama barabarani na vyombo vyake, halafu akarudi juu kwa ajili ya jirani. Mawe yalipopoa tulitafuta. Tulitafuta na majembe, tukatafuta kwa mikono, tukauliza hospitali zote na kambi zote. Hatukupata hata gurudumu.

Mama hakutaka kushuka Goma tena tangu siku hiyo. Nilimbembeleza mara nyingi. Jibu lake lilikuwa moja.

“Mutu mwenye hana kaburi anaweza rudia siku yoyote,” alikuwa anasema. “Akirudia akute mulango imefungwa?”

Nikaacha kumbembeleza.

Kisha vita vikarudi. Wewe uliyekaa mbali unavisikia kwenye redio kama kitu kimoja kirefu, lakini sisi tunavijua kwa barabara: leo wamefika hapa, kesho wamefika pale. Waasi walichukua Rutshuru, wakaanza kushuka. Watu wa Rugari wakakimbilia Kibumba, watu wa Kibumba wakakimbilia kwetu. Kila aliyefika nilimuuliza kuhusu mama. Wote walisema wamemwona amekaa mlangoni. Simu ikawa haipiti tena. Jirani yake wa mwisho alipofika, amebeba godoro kichwani, aliniambia kwa upole tu: “Amebakia peke yake, mzee. Kama ni kumufata, ni leo. Kesho njia haiko.”

Ilikuwa alasiri. Umeme ulikuwa umekatika tangu siku iliyotangulia, betri haikuwa imejaa. Namba ilisema arobaini na tano. Nikapiga hesabu harakaharaka: kupanda mpaka nyumbani ni kama thelathini, na kurudi ni mteremko, gari litajilisha lenyewe. Zinatosha na za kubaki. Mke wangu alitaka kuja, nikamkatalia, nikamwambia kila kilo inakula betri. Hilo lilikuwa kweli. Nikaondoka peke yangu.

Nilikuwa nimesahau kwamba namba ile ilikuwa ya tambarare. Ilihesabiwa kwa mitaa ya mjini, kwa mwendo wa taksi. Nilipopita Munigi tu ikaanza kuporomoka. Barabara yote ilijaa watu wanaoshuka: mbuzi, masufuria, wazee kwenye viti vilivyofungwa juu ya pikipiki, chukudu zilizopangwa magodoro badala ya makabichi. Mimi peke yangu napanda, nasimama, naondoka, nasimama, na kila kusimama mlimani kunakula betri zaidi. Nilifika Kibati namba inasema kumi na moja. Nilipoingia kwenye mawe meusi ilikuwa sita.

Hapo ndipo wingu lilipoteremka. Kule juu wingu linashuka barabarani kama moshi wa jikoni, ghafla huoni mita kumi. Watu wakapungua, kisha wakaisha. Nikabaki na mlima mbele yangu na picha ndogo ya kobe iliyowaka karibu na namba. Kobe huyo maana yake gari limeamua kutambaa, halitaki tena kukusikiliza. Namba ikawa tatu. Kibumba ilikuwa mbali kuliko hizo tatu, hata ungehesabu kwa huruma.

Nilianza kuongea peke yangu. Nilimwomba Mungu, nikaliomba gari, nikamwomba hata kobe. Niliwaza mama amekaa mlangoni, na wale wanaoshuka na bunduki wakimkuta pale peke yake na sufuria yake. Niliwaza nikikwama, nitaacha gari nitembee, lakini mama hawezi kutembea mwendo huo usiku na magoti yale. Gari likawa linakwenda taratibu kuliko mtu. Likatetemeka. Nikajua sasa linasimama.

Halikusimama. Lilisukumwa.

Niamini. Kama umewahi kusukumwa ukiwa kwenye chombo chochote, unajua mwili unavyojua kabla ya akili. Kiti kilinigusa mgongoni. Nikasikia pumzi nyuma, nzito, ya mtu aliyeinama. Kioo cha dirisha nilikuwa nimekishusha kwa sababu ya ukungu, na sauti ikaingia humo, ya mwanamume.

“Achilia, petit. Achilia mafuta.”

Petit kwetu ni mdogo wako, au kijana yeyote, na gari langu halina mafuta, lakini nilimwelewa. Nikaondoa mguu. Na dereva yeyote atakuambia: ukiondoa mguu kwenye mteremko ule unarudi nyuma mpaka Munigi. Sikurudi nyuma. Gari lilipanda, mguu wangu uko sakafuni, mota haivuti kitu, magurudumu yanazunguka kwa nguvu ya mtu. Halafu namba ikageuka.

Tatu ikawa nne. Nne ikawa sita.

Sasa unakumbuka nilichokuambia? Napanda mlima, na namba inapanda. Kile kimshale kidogo cha umeme kinachoelekea kwenye betri, ambacho nakiona nikishuka tu, kilikuwa kinawaka. Tisa. Kumi na mbili. Kobe akazimika. Sijawahi kuona namba nzuri namna ile. Niliitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari anayekuja na majibu. Kila ilipoongezeka nilisema, “Mama, nakuja. Mama, nakuja.” Nilisema pia aksanti, nakumbuka, nilisema, “Aksanti sana, papa,” bila kugeuka. Na pumzi ile nyuma iliendelea, haikuchoka.

Kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa pale pale, shubiri moja tu juu ya namba. Ningeinua macho tu. Sikuinua. Ndiyo yote ninayoweza kukuambia kuhusu hilo, na nimelifikiria kila siku tangu jioni ile.

Tulipofika juu, barabara ikanyooka. Nikahisi mikono ya kule nyuma inalegea.

“Simama apa kidogo,” ile sauti ikasema, “tupumue.”

Na mimi nilikuwa naona namba ishirini na moja. Nilikuwa naona wingu likianza kuwa jeusi. Kwa mbali, upande wa Rugari, kulikuwa na mlio, mmoja, kisha mwingine. Nikakanyaga. Nikapiga kelele kupitia dirishani: “Nitasimama nikirudi, ndugu! Namukimbilia mama!”

Ile pumzi ikabaki nyuma.

“Sawa,” akasema.

Alisema hivyo tu. Hakukasirika. Alisema kama mtu aliyezoea kuambiwa hivyo.

Kibumba ilikuwa imebaki mbwa na kuku. Nilitegemea kumkuta mama ananikatalia, nilikuwa nimejiandaa kumbeba kwa nguvu. Nikamkuta amesimama nje, amevaa kitenge chake cha kanisani, kifurushi kimefungwa kiko miguuni, na mlango ameuacha wazi. Hakunisalimu. Alitazama ndani ya gari.

“Ndugu yako iko wapi?”

Nikamwambia mama, panda, hakuna muda.

“Amekwenda kukukuta mu njia. Ulimupita?”

Nikamuuliza ni ndugu gani. Akaniangalia kama vile ninamfanyia mchezo. Akasema tangu saa tisa alikuwa nyuma ya jikoni anakusanya kuni, akasikia Faustin upande wa pili wa ukuta wa miti. Hakumwona. Alisikia anasema, “Mama, jitayarishe. Petit anakuya na motokari yenye haina makelele. Mulima itamushinda, naenda kumusukuma.” Alipozunguka ukuta hakukuta mtu. Basi akaingia ndani, akavaa, akafunga kifurushi.

Mimi nilikuwa nimemwambia mama kwenye simu kwamba nimenunua gari. Sikuwahi kumwambia kwamba halina sauti. Kwa nini ningemwambia?

Alikataa kukaa mbele. Alisema kiti hicho ni cha kaka yangu mkubwa, akajiingiza nyuma na kifurushi chake mapajani. Tukashuka.

Nilipofika pale juu ya mteremko nikasimama. Nilikuwa nimeahidi, na sasa nilijua nimemwahidi nani. Mama akashuka akatembea mbele ya taa za gari. Aliita jina lake, akaliita kwa majina yake yote, hata lile la utotoni ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka. Alikuwa amefungua kifurushi na kushika kitu kifuani, nilidhani ni kitambaa cha kichwa kwa ajili ya baridi. Wingu lilikuwa limeanza kupanda, barabara inaonekana, mawe meusi yanaonekana, kila kitu kinaonekana. Hakukuwa na mtu.

Familia moja ikatupita, ya mwisho kabisa. Baba yao akagonga bati la gari langu kwa kiganja.

“Papa, munafanya nini apa? Waasi beko nyuma yetu.”

Mlio wa silaha sasa haukuwa wa mbali. Mama alitaka kungoja. Nikamshika mkono, nikamrudisha ndani ya gari, tukashuka mpaka Goma. Namba iliongezeka njia nzima, kama inavyopaswa kuongezeka mtu akishuka. Sikutaka kuiona.

Nyumbani, mke wangu alikuja na tochi kunisaidia kushusha mama. Ni yeye aliyeona. Nyuma ya gari, kwenye mlango wa mizigo, juu ya rangi nyeupe, kulikuwa na alama za viganja viwili, nyeusi, za vumbi la mawe ya volkano. Cha kulia kilikuwa kamili. Cha kushoto, kidole kidogo kilikuwa kifupi.

Mama aliweka viganja vyake juu ya vile, kimoja kimoja, taratibu. Akasema kwa Kinyarwanda, “Mwana wanjye,” yaani mwanangu. Kisha akalia kwa mara ya kwanza tangu mlima upasuke. Alikuwa amekaa muda wote ule bila kulia, na mimi nilidhani ni ugumu wa moyo.

Alituzuia kuosha gari. Nililifunika na turubai. Lakini unaijua mvua ya Goma. Ilikuja na upepo, ikaling'oa turubai usiku tukiwa tumelala, na asubuhi gari lilikuwa jeupe kabisa, linang'aa kama limetoka kuoshwa. Mama alilizunguka mara moja akaingia ndani.

Nilimpelekea Kambale gari. Alichomeka kompyuta yake, akasoma, akakuna kichwa.

“Ni makadirio, muzee. Betri ya kizee inaweza kudanganya. Inasema tatu kumbe iko na makumi mbili.”

Nikamuuliza kama inaweza kudanganya kwa kupanda wakati mtu anapanda. Akachomoa waya. Kisha akaniuliza kama nilikuwa nimekula siku ile. Simlaumu. Wengine walisema kulikuwa na watu waliokwama kwenye wingu, wakanisukuma kwa wema wao, basi. Nawauliza: na kidole? Wanasema vidole vilivyokatika Goma ni vingi. Ni kweli, ni vingi.

Barabara ilifungwa siku iliyofuata, kama alivyosema yule jirani. Mama aliishi kwangu Ndosho. Hakulalamika juu ya chakula, wala juu ya kelele za mtaa, wala juu ya kulala chumba kimoja na wajukuu. Alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza jioni, tukimaliza kula.

“Alikuwa amevaa nini?”

Nilimjibu sikuona vizuri, kulikuwa na wingu.

“Lakini ulikuwa karibu naye.”

Nilikuwa karibu naye, mama.

“Alikuwa anasikia baridi?”

Sijui, mama.

Aliuliza hivyo hata siku ambazo mabomu yalikuwa yanaangukia kambi za wakimbizi za Mugunga na sisi tumelala chini ya meza. Aliuliza hata baada ya mji wenyewe kuchukuliwa, wakati watu wengine wote walikuwa wanaulizana habari za benki na maji. Sikuwa na la kumpa. Ningeweza kumwambia namba ilivyosoma katika kila kona ya mteremko ule. Hiyo nilikuwa naijua kwa moyo. Tatu, nne, sita, tisa, kumi na mbili.

Alipougua, na daktari akatuambia tumrudishe nyumbani, nilikaa karibu na kitanda chake, na akaliuliza tena. Sauti ilikuwa imebaki ndogo sana. Nikaona nimtendee wema. Nikamwambia nimekumbuka, mama. Alikuwa amevaa sweta yake ya kijani. Hakuwa anasikia baridi.

Aliniangalia muda mrefu. Kisha akaingiza mkono chini ya mto akaivuta. Ilikuwa sweta ya kijani, imekunjwa vizuri, bado na harufu ya moshi wa jikoni letu la Kibumba. Ndiyo aliyokuwa ameishika kifuani kule juu, mbele ya taa za gari. Ndiyo aliyokuwa ameifunga ndani ya kifurushi. Tangu alasiri ile alikuwa anangoja kumvisha.

“Kumbe haukumuangalia,” mama akasema.

Hakusema kwa hasira. Alinipa ile sweta, akageukia ukutani. Alifariki kabla ya wiki kwisha, na hakuniuliza tena.

Siku hizi barabara ya Kibumba iko wazi, ingawa wanaoilinda si wale wa zamani. Napanda mara kwa mara na abiria na mizigo. Nikifika kwenye mawe meusi nashusha kioo. Nikifika pale juu, awe abiria ana haraka au hana, nasimama. Nashuka, nazunguka nyuma ya gari, natazama. Wengine wananuna, wengine wanadhani nakagua matairi. Kuna mmoja aliyeniuliza nafanya nini, nikamwambia nasalimia.

Na wewe unayenisikiliza, sina la kukufundisha kuhusu magari. Namba yako, iwe ya betri, ya simu, ya saa, itakwambia inavyodhani, na mara nyingine itakuwa kweli. Lakini siku moja utakuwa unapanda, umeishiwa, na utahisi chombo chako kimekuwa chepesi kuliko unavyostahili. Siku hiyo usiniige. Inua macho. Na ukifika juu, simama, hata kama mama yako anakungoja, hata kama mabomu yanalia, simama kiasi cha kumwona sura. Usimwambie utasimama ukirudi.

Sweta iko kwenye kiti cha mbele. Siruhusu abiria akae hapo. Kila nikipanda Kibati naitazama, kisha natazama kioo cha nyuma, na namba siiangalii mpaka nifike juu. Nikiiangalia, imeshuka, kama inavyoshuka kwa kila mtu.